Uza Mwenyewe Kabla ya Nyundo: Kwa Nini Benki Hukataa Ombi Lako

Barua inayokataliwa na benki huwa fupi. Husema biashara imeanguka, naomba muda niiuze nyumba yangu mwenyewe nilipe deni, nisifikishwe mnadani. Haisemi nyumba itauziwa nani, kwa kiasi gani, pesa zitaingia lini, wala pengo litakalobaki litazibwa na nani. Ofisa anayeipokea pale Nyali au kisiwani Mombasa kwa kawaida hana mamlaka ya kuamua. Huipeleka makao makuu Nairobi, mbele ya kamati isiyoijua Kongowea wala isiyomjua mwombaji. Kamati hiyo haina cha kushika. Jibu huja hapana, na mwenye nyumba hubaki akiamini kwamba benki ilikuwa ikiimezea mate nyumba yake tangu siku ya kwanza.

Mimi siamini hivyo. Benki haina haja na nyumba ya Kongowea. Ina haja na pesa zake, na sheria yenyewe inaiwekea masharti magumu ikitaka kuinunua nyumba iliyo rehani kwake. Kinachoifanya ikatae ni hofu za aina kadhaa, nyingi zake waweza kuziondoa kabla hujaandika hata neno moja la ombi. Nayaandika haya kwa ajili ya mtu ambaye bado ana nyumba, hata kama notisi iko mezani.

Kwanza ujue unaomba nini. Kama nyumba yaweza kuuzwa kwa bei inayolimaliza deni, unachoomba ni muda na ruhusa, na hapo benki nyingi husikiza. Ombi zito ni lile la bei isiyofika kwenye deni: unataka benki ipokee pungufu, iachilie hati, na iamue la kufanya na kilichobaki. Marekani, soko la nyumba lilipoporomoka mwaka 2008, maombi ya namna hii yalijaa hadi serikali ikaanzisha mpango maalumu wa kuyaharakisha mwaka 2010. Huko mkopo mara nyingi umeshauzwa kwa wawekezaji, na nyumba moja yaweza kuwa na wakopeshaji wawili, kwa hiyo mmoja akikataa mambo yote husimama. Kwetu mkopo kwa kawaida hubaki kwenye vitabu vya benki ileile iliyokukopesha, na hilo ni nafuu. Ubaya wa kwetu ni kwamba deni halifi na nyumba. Mnada ukileta kidogo, benki yaweza kukufuata wewe mwenyewe kwa kilichosalia. Ndiyo maana inapoambiwa ipokee pungufu, swali lake la kwanza ni kama kweli huna pengine pa kulipia.

Sasa siku, hofu ya kwanza ya benki. Hapa ndipo wengi huangukia.

Chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, ukikaa mwezi mzima bila kulipa benki yaweza kukuletea notisi ya kifungu cha 90, inayokupa miezi mitatu urekebishe. Ikipita bila kitu, inakuja notisi ya kuuza ya kifungu cha 96, ya siku 40, na nakala yake lazima apewe mke au mume, mdhamini na mmiliki mwenza, miongoni mwa wengine. Kisha anaingia dalali. Kanuni za Madalali za 1997 zinamtaka akupe siku 45 za kukomboa nyumba, na mnada usifanyike kabla ya siku 14 kupita tangu tangazo la kwanza gazetini. Ukijumlisha yote, kuanzia ule mwezi wa kwanza wa kutolipa, una miezi saba hivi.

Miezi saba yaonekana mingi mpaka uikumbuke hesabu ya upande wa pili: mapatano ya kuuza ardhi hapa Kenya kwa mazoea huwapa wahusika siku 90 za kukamilisha, na hizo huanza kuhesabiwa baada ya mnunuzi kupatikana. Mtu anayengoja hadi dalali abandike karatasi mlangoni amebakiwa na siku 59, naye anaiomba benki mauzo ya siku 90. Kamati ikikataa hapo haijafanya ukatili wowote, ni kwamba siku hazitoshi. Mchuuzi wa nyanya katika soko la Kongowea anajua kwamba bei ya alfajiri si bei ya adhuhuri, naye hangoji jua limfundishe. Ombi lako liandike ndani ya wiki za kwanza za notisi ya kifungu cha 90. Ukiona mapema zaidi kwamba mambo hayaendi, liandike kabla hata ya notisi, maana mkopo ukipitisha siku 90 bila kulipwa Benki Kuu huitaka benki iuhesabu miongoni mwa mikopo iliyokwama na kuutengea fungu la hasara. Ofisa wako ana sababu zake za kutaka jambo liishe kabla ya hapo.

Hofu ya pili ya benki ni bei, na hapa kuna namba moja ya kuiweka kichwani. Kifungu cha 97 kinaitaka benki itafute bei bora inayowezekana na ithaminishe nyumba kabla ya kuiuza. Ikiiuza kwa bei iliyo chini ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria huanza kwa kudhani kwamba imekosa wajibu wake mpaka ithibitishe vinginevyo. Kwa hiyo robo tatu ya bei ya soko ndiyo sakafu katika akili ya kila ofisa wa madeni. Ukileta mnunuzi wa bei iliyo chini ya hapo, usitegemee jibu jema. Ukileta aliye juu yake, mazungumzo yameanza.

Lakini bei ya soko ni ipi? Ni ile iliyo kwenye ripoti ya mthamini, na benki huwa na orodha yake ya wathamini inaowaamini. Usikimbilie kumlipa mthamini wa nje. Iombe benki orodha hiyo, uchague humo. Mthamini akija, usimwache azunguke peke yake. Kongowea imepakana na Nyali, na ripoti inayolinganisha nyumba ya vyumba sita iliyo ndani ya vichochoro vyetu na viwanja vya upande ule wa pili itatoa thamani ambayo hakuna mnunuzi wa Kongowea atakayeifikia. Inafurahisha kuiona kwenye karatasi, kisha inakuua, kwa sababu kila ofa halali itaonekana kama ya wizi. Mwonyeshe nyumba za jirani zilizouzwa karibuni, njia ya gari inakoishia, hali ya maji, na kodi halisi ya wapangaji. Ikiwa umeitangaza nyumba kwa miezi na hakuna aliyefika bei hiyo, weka ushahidi: matangazo, ujumbe wa simu, majina ya madalali wa nyumba uliowapa kazi.

Kamati haitazami bei inayotajwa, inatazama kinachobaki mkononi. Tuchukue mfano. Mkopo ulipokwama msingi ulikuwa shilingi milioni 7.6, na riba pamoja na faini zimefika milioni 2.4, deni lote ni milioni 10. Mthamini anasema bei ya soko ni milioni 9, kwa hiyo robo tatu yake ni milioni 6.75. Umepata mnunuzi wa milioni 8.4. Usiiambie benki kwamba umekosa milioni 1.6. Iambie kwamba mnada ukifanyika vizuri kwa bei ya chini itapata milioni 6.75, itoe gharama za dalali, tangazo na wakili, ingoje miezi, na huenda watu wasitokee kabisa siku ya kwanza. Wewe unaileta milioni 8.4 kwa tarehe inayojulikana. Tofauti ni zaidi ya milioni moja na nusu kwa faida yake. Hiyo ndiyo sentensi ya kwanza ya barua yako.

Kisha lile pengo la milioni 1.6 uligawe. Watu huomba benki iwasamehe deni kana kwamba deni ni kitu kimoja, na hilo ni kosa ninalotamani kuliona likiisha. Msingi ni pesa ilizotoa benki kweli, na kuusamehe ni hasara inayoonekana vitabuni. Riba na faini zilizoongezwa baada ya mkopo kukwama ni jambo jingine, kwa kuwa kwa taratibu za Benki Kuu benki haizihesabu kuwa mapato mpaka zilipwe. Kuziacha hakuiumizi sana. Basi omba isamehe, tuseme, milioni 1.2 ya riba na faini, na laki nne zilizobaki ahidi kuzilipa shilingi elfu ishirini kwa mwezi, miezi ishirini. Ombi la namna hiyo lina mahali pa kushikika. Kabla ya yote iombe benki taarifa kamili ya akaunti na uikague, kwa sababu kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kinachotumika tangu 2007, hakiruhusu riba ya mkopo uliokwama izidi msingi uliokuwa ukidaiwa siku ulipokwama. Kwa mikopo ya miaka mingi, kifungu hicho peke yake chaweza kupunguza pengo.

Jambo la kodi husahaulika, likaja kuvunja mauzo wiki ya mwisho. Mwuzaji hutozwa kodi ya faida ya mtaji, asilimia 15 ya faida tangu Januari 2023, hata kama kila shilingi ya mauzo inakwenda benki. Ukiwa umeishi mwenyewe katika nyumba hiyo miaka mitatu mfululizo kabla ya kuiuza, umesamehewa. Lakini nyumba uliyoipangisha vyumba vyote haina msamaha huo. Ushuru wa stempu, asilimia 4 kwa ardhi ya mjini, ni wa mnunuzi. Malimbikizo ya kodi ya ardhi ya Kaunti ya Mombasa ni yako, na bila cheti cha kaunti hakuna hati itakayohamishwa. Yaandike yote katika hesabu, useme nani atalipa nini. Kamati ikigundua yenyewe kwamba ulisahau laki tano za kodi, haitaiamini hesabu yako iliyobaki.

Inayofuata ni hofu ya kudanganywa. Nyumba inauzwa kwa bei ya chini kwa shemeji, benki inasamehe sehemu ya deni, na baada ya mwaka mwenye nyumba bado anaishi mlemle. Maofisa wa madeni wana habari za michezo hiyo, na mnunuzi mwenye ukoo na wewe akifichwa, ombi limekufa siku atakapojulikana. Kuuziana jamaa si kosa. Kosa ni kuficha. Kama mnunuzi ni ndugu, andika ni ndugu, na bei yake iwe karibu zaidi na ya soko kuliko ambavyo ungemtaka mgeni alipe. Kama mmekubaliana ubaki kama mpangaji, andika hilo pia pamoja na kodi.

Mnunuzi mwenyewe awe mtu wa kuonekana. Ofa ya mdomo haina uzito. Inatakiwa barua yake iliyosainiwa, nakala ya kitambulisho na ya PIN ya kodi, na ushahidi wa pesa: taarifa ya benki, au barua ya benki itakayomkopesha, na wakili wake awe tayari kutoa ahadi ya maandishi ya kulipa. Kwa sisi wa Pwani, wanunuzi wengi ni watu wetu walio Ghuba. Pesa zao ni nzuri, lakini Sheria ya 2009 ya kupambana na utakatishaji wa fedha inailazimu benki kuuliza zimetoka wapi. Mwambie aandae mapema mkataba wa kazi au hesabu za biashara yake, na wakala wa kumsainia hapa awe na hati ya uwakilishi iliyosajiliwa. Pesa zilizo tayari Muscat zisizo na karatasi zaweza kukawia kuliko mkopo wa mtu wa hapa jirani Bombolulu.

Kuhusu karatasi za nyumba, Kongowea ina mambo yake. Mombasa tuna desturi ya nyumba bila ardhi, mtu akamiliki kuta na paa na kumlipa mwenye shamba kodi ya kiwanja. Nyumba kama hiyo haiingii rehani ya benki kwa njia ya hati, kwa hiyo iliyo rehani ni ile yenye hati yake, mara nyingi yenye namba inayoanza na MN/I, yaani Mombasa bara ya kaskazini sehemu ya kwanza. Mnunuzi makini atauliza mambo mawili: je, kuta zote zimo ndani ya kiwanja cha hati, na je, kuna mtu mwingine aliyejenga humo kwa ruhusa ya zamani? Pima mipaka na ufanye sachi katika ofisi ya ardhi kabla ya kumleta mtu. Ukumbi uliotoka nje ya kiwanja au jina la marehemu baba kwenye rejista yaweza kusimamisha kila kitu.

Na marehemu ni sura yake peke yake. Aliyekopa akifariki, warithi hawawezi kuuza kwa kukubaliana ukumbini. Inatakiwa barua za usimamizi wa mirathi, kutoka Mahakama ya Kadhi kwa familia ya Kiislamu au kutoka mahakama nyingine yenye mamlaka, na Sheria ya Urithi inakataza kuuza ardhi ya marehemu kabla barua hizo hazijathibitishwa. Lakini kabla ya kufikiria kuuza, iulizeni benki kwa maandishi kama mkopo ulikuwa na bima ya maisha. Mikopo mingi yenye rehani huwa nayo, na malipo yake yalikuwa yakikatwa kila mwaka kwenye akaunti ya mzee. Inauma kuona familia ikihangaika kutafuta mnunuzi wa nyumba ambayo bima ingeikomboa.

Mke au mume lazima awe ndani. Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani wala haiuzwi bila ridhaa ya mwenzako; Sheria ya Ardhi na Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 zinasema hivyo. Ombi lenye saini moja, huku mwenzako kapeleka malalamiko benki, halisomwi hata ukurasa wa pili. Mdhamini naye asisahauliwe. Benki ikikusamehe wewe bila yeye kuhusishwa, yaweza kupoteza haki ya kumdai yeye, na kwa sababu hiyo tu mwanasheria wa benki atashauri ikatae. Mdhamini akisaini kwamba amekubali mpango, kikwazo hicho kinaondoka.

Halafu kuna wale wanaokwenda mahakamani na benki kwa wakati mmoja. Tangu kesi ya Giella dhidi ya Cassman Brown ya 1973, anayetaka zuio la mahakama lazima aonyeshe kwanza kwamba ana kesi yenye uzito. Kubishania kiasi cha deni peke yake, au kuomba huruma, hakujatosha katika kesi nyingi. Nenda mahakamani kama notisi hazikufika, kama mwenzako hakuridhia rehani, au kama nyumba inauzwa kwa thamani ya ripoti iliyopita miezi 12. Kifungu cha 103 cha Sheria ya Ardhi kinakuruhusu kuomba nafuu. Lakini kesi ya kuvuta muda tu huifunga benki mdomo: faili huhamia kwa mawakili, na ofisa uliyekuwa ukizungumza naye huambiwa asikupokee tena. Ikiwa kesi imeshafunguliwa, peleka pendekezo la kuuza kupitia kwa mawakili, na mkikubaliana liandikwe mahakamani kama makubaliano ya pande zote.

Barua yenyewe isizidi kurasa mbili, na viambatisho nyuma yake. Ianze na tofauti kati ya ofa na mnada, ifuate hesabu ya kinachobaki, ombi la kusamehewa riba na namna ya kulipa pengo, tarehe ya kukamilisha, kisha ndipo useme kilichotokea kwenye biashara, kwa ufupi. Ambatisha mapato yako na mali zako zote bila kuficha hata kiwanja ulicho nacho Utange, kwa sababu benki itakitafuta kwenye rejista na kukipata. Tamka wazi kwamba mwuzaji ni wewe na benki inaridhia tu. Benki inapouza yenyewe kwa makubaliano ya faragha, sheria inaidai bei ya soko, kwa hiyo ni rahisi kwake kukubali mauzo yanayosainiwa na mwenye nyumba. Ipeleke kwa mkono, upigiwe muhuri kwenye nakala yako, na utume nyingine kwa barua pepe.

Ikikataa, omba sababu kwa maandishi. Sababu moja ikitajwa, irekebishe na urudi na ombi lilelile likiwa bora. Kukataliwa mara ya kwanza si hukumu. Haki yako ya kulipa na kuikomboa nyumba inaendelea hadi nyundo igonge. Na mnunuzi wako yuko huru kuja mnadani.

Ikikubali, usiamini kauli ya simu. Ahadi ya mdomo haimzuii dalali. Taka barua inayosema mnada umesitishwa, hadi tarehe gani, na kwa masharti gani. Amana ya mnunuzi, kwa kawaida asilimia 10, iingie kwenye akaunti ya mkopo au ikae kwa wakili kama benki ilivyoagiza, isipitie mfukoni mwako hata kwa usiku mmoja. Makubaliano ya mwisho yaseme wazi kama kilichobaki kimesamehewa kabisa au bado kinadaiwa, na kama mdhamini ameachiliwa. Hati ya kuondoa rehani ikishasajiliwa na pesa zikishaingia, omba barua ya kumaliza deni. Kisha, baada ya mwezi au miwili, chukua ripoti yako kutoka CRB, yaani ofisi ya taarifa za mikopo, ambayo una haki ya kuipata bure mara moja kwa mwaka. Kama bado inaonyesha deni la zamani, rudi benki na barua ile mkononi.